Nyuki wa Mikokoni na Bomba la Dawa

Kipindi hiki ni cha wasikilizaji wa Kibiti mjini, Bungu, Mchukwi na Jaribu Mpakani, na cha watu wa delta ya Rufiji huko chini ya mto: Maparoni, Mbuchi, Msala, Salale na Kiongoroni, huko ambako saa hizi redio inasikilizwa huku nyavu zikishonwa na chungu kikiwa jikoni.

Mazungumzo ya leo yanahusu mdudu mmoja na chupa moja. Mdudu ni nyuki. Chupa ni ile ya dawa ya kuua wadudu, inayonunuliwa duka la pembejeo, inayochanganywa na maji kwenye bomba la mgongoni na kupulizwa shambani. Habari yenyewe kwa ufupi ni hii: dawa ikipulizwa saa ambayo nyuki yuko juu ya ua, nyuki anakufa. Ikipulizwa saa ambayo amekwisha kurudi mzingani, nyuki wengi wanapona. Saa ya kupuliza, wasikilizaji. Neno hilo litarudiwa leo zaidi ya mara moja, na linarudiwa kwa makusudi.

Ukitaja nyuki hapa Tanzania, mawazo ya wengi hukimbilia Tabora, Katavi, Kigoma na Singida, kwenye misitu ya miombo na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Wana haki. Tanzania ni ya pili barani Afrika kwa kuzalisha asali, baada ya Ethiopia, na sehemu kubwa ya asali hiyo inatoka bara. Lakini nyuki hachagui mkoa. Anachohitaji ni maua, maji na mahali pa kujenga, na delta ya Rufiji inavyo vyote vitatu. Delta hii ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, pande kubwa kuliko yote la mikoko katika Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Wakazi wa Maparoni wanaujua mchu. Ni ule mti wa mikokoni wenye vipumulio vinavyochomoza juu ya tope kama vidole. Maua yake ni madogo mno, ya njano iliyokolea, yamejikusanya kwenye ncha za vitawi, na mtu anayepita na mtumbwi anaweza asiyaone kabisa. Nyuki anayaona. Anaingia kunyonya utamu, anatoka na chavua imemganda miguuni na manyoyani, anahamia ua jingine, na chavua ile inabaki huko. Kwa safari hizo mchu unapata mbegu, mbegu inaanguka majini, na maji kupwa na maji kujaa vinaisambaza. Asali ya mikoko inatoka kwenye maua hayo hayo.

Wala nyuki hayuko peke yake. Muia, ambao wengine huuita msinzi, una ua jekundu linalongoja ndege. Chozi akiliingiza mdomo wake mrefu, ua hufyatuka na kummwagia chavua kichwani. Mlilana hufungua maua yake meupe magharibi jua likizama, na wageni wake ni popo na nondo wakubwa wa usiku. Kesho yake maua yale yameshaanza kupukutika. Basi wachavushaji, yaani hawa wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, ni jamii pana: nyuki wakubwa, nyuki wadogo wasiouma, vipepeo, nondo, nzi, chozi na popo. Leo anatajwa zaidi nyuki kwa sababu ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mashambani, na ndiye anayekufa kwa wingi dawa inapopulizwa ovyo.

Hapa pana swali. Mikoko haipulizwi dawa. Kwa nini basi dawa ya shambani imhusu nyuki wa mikokoni?

Jibu la kwanza ni mbawa. Nyuki akitafuta chakula huenda kilomita mbili au tatu kutoka mzingani, na chakula kikiwa haba huenda mbali zaidi. Chora duara la upana huo kuzunguka mzinga mmoja wa Maparoni, uone vilivyomo ndani yake: mikoko, ndiyo, lakini pia minazi, miembe, mashamba ya mpunga, bustani ya bamia na mboga nyuma ya nyumba. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Mchana mmoja anaweza kupita kwa watu kumi, na akipata sumu kwa mmoja tu, anaibeba hadi mzingani.

Jibu la pili ni mpunga. Kaskazini mwa delta, kwa miaka mingi mikoko imekuwa ikifyekwa ili kupata mashamba ya mpunga. Mwanzoni magugu huwa machache na ardhi hutoa vizuri. Baadaye majani yanashika, kaa wanakata miche michanga, ndege wanavamia masuke, na mkulima anaanza kuitafuta chupa: ya magugu kwanza, kisha ya wadudu. Sasa angalieni jambo hili, wasikilizaji. Mpunga hujichavusha wenyewe. Hata nyuki wote wa delta wakifa leo, mpunga utatoa punje. Kwa hiyo mkulima wa mpunga anaweza kuua nyuki mwaka baada ya mwaka asione hasara yoyote katika gunia lake. Hasara inatua kwa jirani: kwa mwenye mizinga, kwa mama mwenye maboga na matango, kwa mwenye miembe. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa kwa kila mtu na shamba lake. Anayefanya na anayeumia ni watu wawili tofauti.

Jibu la tatu ni maji. Kila kitu kinachomwagwa juu ya Rufiji hatimaye huja chini. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yalipita shambani kabla ya kufika baharini, na maji ya namna hiyo hukokota udongo na vyote vilivyomo. Nyuki naye hunywa maji, na huyahitaji mengi wakati wa joto ili kupoza mzinga. Katika nchi ambayo mito yake ina chumvi maji yanapojaa, kidimbwi cha maji yasiyo na chumvi ni kitu cha thamani, na nyuki wa eneo zima watakijua. Kijana akisuuzia bomba lake katika kidimbwi hicho baada ya kazi, amewawekea nyuki sumu palepale wanapokunywa. Na wanaochota hapo si nyuki peke yao.

Sasa tutoke mikokoni twende bara kidogo, kwenye barabara ya Kilwa, ambako msimu ukifika matikiti yanapangwa marundo kando ya lami yakingoja magari ya Dar es Salaam. Mkulima wa matikiti ndiye anayemhitaji nyuki kuliko karibu mkulima mwingine yeyote wa ukanda huu, na ndiye huyo huyo anayepuliza sana, kwa sababu inzi wa matunda na vidukari humsumbua sana.

Hebu tulitazame ua la tikiti kwa karibu. Mmea mmoja una maua ya aina mbili. La dume hutoa chavua, wala halizai tunda. La jike unalitambua mara moja, kwa kuwa nyuma yake pana kitikiti kidogo mfano wa gololi, chenye manyoya laini. Gololi hiyo ndiyo tunda lenyewe, lakini bado ni ahadi tu. Ua linafunguka alfajiri, na mchana likishapigwa na jua linafunga, halifunguki tena. Nafasi yake ni asubuhi moja. Katika asubuhi hiyo chavua lazima itoke kwenye ua dume ifike kwenye ua jike, na chavua ya tikiti ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima aje mdudu. Tena haitoshi aje mmoja mara moja: ua jike linataka kutembelewa mara kadhaa, chavua ienee pande zote za sehemu yake ya katikati inayoipokea. Ikienea upande mmoja tu, tikiti linakua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa. Isipofika kabisa, gololi inageuka njano na kudondoka. Wakulima wengi wameziona gololi hizo chini ya majani wakadhani ni ugonjwa, na wakaongeza dawa.

Na mpulizaji anafika saa ngapi? Saa moja, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu ndiyo saa nzuri ya kufanya kazi. Ndiyo hiyo hiyo saa ya ua na saa ya nyuki. Mtu amenunua mbegu, amelipa vibarua, amemwagilia, halafu asubuhi ile ile ambayo ua limefunguka, anamuua aliyekuja kumpa tunda. Ni jambo linaloumiza kulitazama, kwa sababu mtu huyu si mzembe. Amejitahidi. Hakuna aliyemwambia.

Basi ajue sasa: matikiti, matango, maboga na mamung'unya yapulizwe jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi, maua yamefunga na nyuki wamerudi. Dawa nyingi za kunyunyizia zikikauka usiku kucha, hatari kwa nyuki wa kesho yake hupungua sana. Haiishi yote, lakini hupungua sana. Saa ya kupuliza ni jioni.

Kwenye mikorosho habari ina pande mbili, na inafaa isemwe kwa uangalifu. Mkorosho hutoa maua kuanzia Juni na kuendelea, wakati wa kusi, na wakati huo huo ndipo ubwiriunga unapoushambulia, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake iliyozoeleka ni salfa ya unga. Salfa si sumu kali kwa nyuki kama zilivyo dawa za wadudu, ingawa vumbi lake huwasumbua na kuwakimbiza kwenye maua, na humwasha macho na kifua anayeipuliza bila kujikinga. Wanaoijua kazi hii huipuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, ili unga ushike. Hapo mkorosho unafaidika na nyuki hawajatoka. Waendelee hivyo, na wamalize kabla jua halijapanda.

Tatizo linaanza na mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza vikonyo na machipukizi mpaka yanaungua meusi. Kwa huyu wakulima hutumia dawa za wadudu, na wengine huzichanganya na dawa ya ukungu ili wamalize kazi kwa mkupuo mmoja, katikati ya maua, asubuhi. Ua la mkorosho nalo hutegemea wadudu. Chavua yake hainyanyuki na upepo kwa urahisi. Shada moja lina maua mamia, na hata mambo yakiwa mazuri ni machache tu yanayoishia kuwa bibo na korosho. Ukiwaua wanaochavusha, umeyapunguza hayo machache.

Na ipo njia nyingine, tena iko juu ya miti hiyo hiyo. Wale sisimizi wa rangi ya hudhurungi wanaoshona majani kuwa viota, ambao watu huwaita maji moto kwa jinsi wanavyouma, ni wawindaji wakubwa wa mbu wa mikorosho na wa kunguni wa minazi anayesababisha vidaka kudondoka. Jambo hili lilichunguzwa Zanzibar miaka ya 1950 na mtaalamu M. J. Way, na hata jina la kisayansi la kunguni yule wa minazi limetokana na jina lake. Baadaye watafiti wa Tanzania wakaendelea na uchunguzi huo kwenye mikorosho na miembe ya mkoa wa Pwani. Mkorosho wenye viota vingi vya maji moto unahitaji dawa kidogo, pengine hauhitaji kabisa. Mvunaji atalalamika kuumwa, na ana haki ya kulalamika. Lakini bei ya kuumwa na maji moto ni ndogo kuliko bei ya chupa.

Sumu inamuuaje nyuki? Zipo zinazoua papo kwa hapo. Nyuki anatetemeka, anazunguka chini kama aliyelewa, ulimi umetoka nje, anakufa njiani au mlangoni pa mzinga. Hizi angalau mwenye mizinga anaziona. Zipo nyingine za taratibu. Kuna kundi la dawa ambalo imidaklopridi na thiamethoksamu ni baadhi yake; hizi zinaingia ndani ya mmea, zinapanda na utomvu, zinafika hadi kwenye chavua na kwenye utamu wa ua. Nyuki hafi palepale. Anasahau njia ya kurudi nyumbani, au anapeleka chavua yenye sumu kwa watoto mzingani. Mwenye mizinga anaona tu kundi linapungua wiki hadi wiki, naye hajui kwa nini. Kwa dawa za kundi hili, kupuliza jioni peke yake hakutoshi. Zisitumike kabisa mmea unapokaribia kuchanua na wakati wa maua.

Dunia imejifunza hili kwa gharama. Mwaka 2008 huko Ujerumani, katika bonde la mto Rhine, wakulima walipanda mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya kundi hili. Mashine za kupandia zikatimua vumbi la dawa, upepo ukalipeleka kwenye maua ya mashamba ya jirani, na mizinga zaidi ya 11,000 ikaathirika katika msimu mmoja. Hakuna aliyekuwa amepuliza ua lolote. Ilikuwa kazi ya vumbi na upepo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku dawa tatu za kundi hilo kutumika nje, mashambani. Wakulima wa Ulaya walilalamika kweli kweli, na malalamiko yao hayakuwa ya bure, maana dawa hizo zilikuwa zinawasaidia. Hata hivyo marufuku ilipita. Kwa mtu wa Kibiti, funzo la Rhine liko kwenye upepo. Kusi inavuma kwa nguvu msimu wa maua ya mikorosho, na anayepuliza wakati upepo unavuma hapulizi shamba lake peke yake.

Sasa turudi kwenye chupa, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hata maduka mengi ya pembejeo hayalielezi. Chini ya lebo ya chupa kuna mstari wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Wakulima wengi wanaujua. Nyekundu ni hatari sana, kijani ni nafuu. Kweli. Lakini rangi hiyo inamzungumzia mtu. Inaonyesha dawa ile ingemdhuru mwanadamu kiasi gani. Haimzungumzii nyuki hata kidogo. Dawa inaweza kuwa na mstari wa bluu, ukarudi nyumbani salama, na nyuki wote waliokuwa shambani wakafa. Anayetaka kujua habari ya nyuki lazima asome maandishi ya ndani ya lebo, yale madogo, sehemu inayoeleza mazingira. Hapo ndipo huandikwa kwamba dawa ni sumu kwa nyuki na isitumike wakati wa maua. Maandishi yakiwa madogo mno au lugha haieleweki, muulize muuzaji kabla hujatoa pesa: hii inaua nyuki? Asipojua jibu, muulize afisa ugani wa kata. Na dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo, usiinunue. Kwanza ni hatari kwa watoto wako.

Sheria zipo. Sheria ya Ufugaji Nyuki ni ya mwaka 2002. Sheria ya Afya ya Mimea ni ya mwaka 2020, na ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, inayosajili dawa, kusimamia wauzaji na kuzuia zisizoruhusiwa. Misitu ya mikoko na mambo ya nyuki yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hata kimataifa dawa zinaondolewa moja moja: endosulfani, iliyowahi kutumika sana kwenye pamba na mboga, iliwekwa kwenye orodha ya kukomeshwa ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011, na klopirifosi ikafuata mwaka 2025. Haya yote ni mema. Lakini ofisi ya mamlaka haiko Maparoni. Anayetoka Maparoni kwenda wilayani anangoja maji yajae, anapanda boti, kisha anatafuta gari. Sumu iliyopulizwa saa mbili asubuhi imeshamaliza kazi saa nne. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa nyuki uko kijijini, kati ya jirani na jirani.

Tuchukulie kijana mwenye shamba la matikiti bondeni na mzee mwenye mizinga minane kando ya mikoko. Jioni ya leo kijana anapita kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

"Salama. Kesho jioni napuliza kule bondeni. Nimeona nikwambie, maana mizinga yako iko karibu."

"Ahsante sana. Dawa gani hiyo?"

Kijana anamwonyesha chupa, mjukuu wa mzee anaisoma lebo kwa sauti. Mzee anauliza upepo utakuwa wa wapi. Wanakubaliana saa. Basi. Mazungumzo ya dakika tano, hayana gharama, na mizinga minane imepona. Nyuki wa mzee nao asubuhi wataendelea kuzunguka kwenye maua ya kijana.

Mzee naye ana wajibu wake. Mizinga isitundikwe ukingoni kabisa mwa shamba linalopulizwa mara kwa mara. Ijulikane ni ya nani na iko wapi, ili kijana asije akasema hakujua. Na kama upulizaji hauna budi kufanyika mchana, mlango wa mzinga unaweza kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji kwa saa chache, mzinga ukiwa kivulini. Kwa saa chache tu, na gunia lisikauke, maana joto la Pwani ndani ya mzinga uliofungwa linaweza kuwaua nyuki kabla ya sumu.

Mwenye mizinga mikokoni anailindia jamii nzima kitu kikubwa zaidi ya asali. Huko Mombasa, kwenye mikoko iliyosongwa na mji, wapo wanaotundika mizinga mitini ili wakata miti wasisogee, na nyuki wanafanya ulinzi huo vizuri. Delta ya Rufiji ina haja kubwa ya walinzi wa namna hiyo. Mtu anayepata asali kwenye mchu hatapenda kuuona ukianguka. Ila hatatundika mzinga wa pili kama nyuki wa mzinga wa kwanza walikufa wote katika asubuhi moja.

Na wakifa, afanye nini? Wasikilizaji, hili liandikeni. Ukikuta rundo la nyuki waliokufa mlangoni pa mzinga, au wanaotambaa chini wakitetemeka, wakusanye haraka wakiwa bado wabichi. Wafunge kwenye karatasi safi, wala si mfuko wa plastiki, maana humo wataoza. Waweke mahali pa baridi. Andika tarehe, saa, upepo ulikovuma, na shamba gani lilipulizwa karibu na hapo na kwa dawa gani kama inajulikana. Toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa ugani wa kata, naye aifikishe kwa afisa nyuki wa wilaya. Asali ya mzinga huo usiile wala usiiuze mpaka upate ushauri wa mtaalamu. Masoko ya nje hupima mabaki ya viuatilifu kwenye asali, na mzigo mmoja ukikataliwa, wanaoumia ni wafugaji wengi. Na usiende kwa jirani na panga. Nenda na karatasi yenye nyuki na maelezo.

Limebaki moja. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa utaratibu, hukaa kila baada ya miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Mambo matatu yanaweza kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla mikorosho haijaanza kuchanua mwezi Juni: kwanza, dawa ya wadudu isipulizwe asubuhi kwenye zao lililo katika maua, pili, anayepuliza awape taarifa wenye mizinga jioni ya siku iliyotangulia, tatu, mabomba yasioshwe mtoni wala kwenye kidimbwi. Wenyeviti wa vijiji mnaosikiliza, mambo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu wa kunyanyua mkono. Na akina mama nyanyueni mkono pia, kwa sababu bustani za maboga na matango ni zenu, na hasara ya gololi zilizodondoka mnaijua ninyi.

Mwenye swali au aliyeshuhudia nyuki wakifa eneo lake, aandikie kipindi hiki, ataje kijiji na zao. Barua zitasomwa juma lijalo saa kama hii, na afisa ugani atakaribishwa kuzijibu.